Samaki wa Babu Walipohamia Mbaraki

Enzi zetu Bondeni, mwakumbuka wenzangu, nyumba yenye redio kubwa ilisalimiwa hata ikiwa haina mtu. Kwetu kulikuwa na kubwa zaidi: tangi la kioo la Babu, ndani yake samaki wa dhahabu wenye mikia kama shela ya bibi harusi. Mtaa mzima ulikuja kuwatazama. Watoto tulijipanga mkekani, midomo imejaa kashata, tukibishana samaki amemkonyeza nani. Samaki hana kope, najua, lakini mimi nilikonyezwa, wallahi! Vijana wa leo wakikosa bando dakika mbili wanaona dunia imekwisha.

Kisha Babu akafariki, na nyumba ikatakiwa na wenyewe. Tukawa wa kuhamia Mbaraki. Bibi, aliyekuwa ndio kwanza ametoka eda, hakuulizia kitanda wala kabati. Alisema tu, "Vyombo na vivunjike. Hawa wa marehemu wafike hai."

Kazi akapewa Ami Twahir, kitinda mimba wake, mtu wa mbio kuliko wote kisiwani. Akifuturu, kokwa ya tende ilikuwa chini kabla adhana haijaisha. Lakini siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Jana yake hakuwalisha, wasije wakachafua maji njiani. Akawateka kwa bakuli, si kwa mkono, akawatia katika mifuko ya nailoni yenye maji yale yale ya tangini na hewa tele, akawafunika kanga ili giza liwatulize. Mkokoteni aliuvuta mwenyewe, taratibu, hata konokono wa Mombasa wote wakatupita, na wengine wakarudi kuulizia kama tu wazima. Penye shimo alisimama, akaipakata mifuko kama mtoto mchanga.

Tulipofika, akaiacha mifuko ielee tangini kwenye maji mapya hadi yakalingana joto, ndipo akawafungulia. Wote hai! Bibi alilia kwa furaha. Kisha akaenda kuchukua mrashi.

"Mama, hao ni samaki," mamangu akasema.

"Ni wageni. Nani aliyewahi kuingia kwangu bila kurashiwa?"

Akawanyunyizia marashi mawaridi, tena na tena, huku akiwaombea dua. Nani angemshika mkono mjane? Chumba kikanukia kama cha harusi.

Asubuhi walikuwa wote juu ya maji, matumbo juu, na bado wananukia.

Bibi hakulia. Alikaa kitini, akamwita mwanawe. "Twahir, uliwakimbiza njiani?"

Sote tuliutazama mrashi pale dirishani. Mamangu akafungua kinywa. Ami akamwahi.

"Ndiyo, mama. Nilikuwa na haraka. Niwie radhi."

"Haraka yako! Tangu utotoni nakwambia."

Basi hadi Bibi alipoingia kaburini, kila mgeni aliyekuja alimwonyesha Ami: "Huyu ndiye aliyeniulia samaki wa marehemu." Na Ami, kichwa chini, aliendelea kumimina kahawa. Mgeni aliondoka akimtikisia kichwa. Tangi likawa la kuwekea nyuzi, na nyumba ile ya Mbaraki haikupata kuzoeleka.

Siku hizi wajukuu wana matangi yenye taa na mashine za hewa, na samaki wana majina mengi kuliko watoto wa shule. Kila wanachotaka kujua kimo kwenye simu. Mmoja wao angemsahihisha Bibi kabla hajaweka mrashi chini, na video ingekuwa kwenye kundi la familia kabla samaki hawajapoa. Wangesema kweli, siwalaumu. Juzi tu humo kundini tuligombana kuhusu chungu cha pilau kilichoungua kwenye arubaini ya marehemu Ami Twahir. Kila mmoja alileta ushahidi wake, na picha. Nikasoma ujumbe hadi wa mwisho, nikingoja mtu aseme, "Ni mimi." Hakuna aliyesema.