Babu Bakora Peke Yake

Kariakoo hakuna anayekosa la kusema, na Sadalla Mgeni alikuwa na la kusema kuliko wengi. Ni fundi simu, meza yake iko kibarazani Mtaa wa Aggrey, katikati ya muuza chaja na muuza kava, na akiifungua simu yako anakueleza papo hapo kwa nini ulikosea kuinunua. Kwenye simu watu walimsikiliza kwa sababu hawakuwa na jinsi. Kwenye gemu walimsikiliza kwa hiari yao, na balaa lilianzia hapo.

Gemu lenyewe lina jina refu la kizungu ambalo sijamsikia mtu akilitamka lote. Watu wa banda la magemu la Badria wanaliita Pokezana. Kampuni mbili za magemu, zilizokuwa hazipikiki chungu kimoja, zilikubaliana kuwaleta wapiganaji wao kwenye uwanja mmoja. Unachagua wawili. Mmoja anapigana, mwenzake anasubiri pembeni, na wa kwanza akizidiwa unabonyeza, wa pili anaingia kumpokea. Lile toleo la zamani lilipofika Bongo wachezaji walisema hiyo ni ndoa ya mkeka, haina maisha. Ikaishi miaka tisa.

Iliishi kwa sababu ya desturi moja ambayo waliolitengeneza sidhani kama waliiwaza. Banda la Badria liko Mtaa wa Sikukuu, nyuma ya maduka ya vitenge. Lilikuwa na mashine moja tu ya Pokezana na pedi mbili za kuchezea, na watu kibao kwenye mabenchi. Basi ikawa kila upande wanakaa watu wawili, kila mtu na mpiganaji wake. Mpiganaji wako akitoka, unampa mwenzako pedi mkononi, naye anaendelea na wa kwake. Na kwa kuwa kupeana pedi kunachukua muda, likatungwa sharti: pedi ikiwa hewani, mkono chini. Mpinzani anasubiri mpaka ipokelewe. Anayepiga pedi ikiwa hewani anainuka na kumpisha mwingine, na awe mbabe wa mtaa mzima, atainuka tu.

Kwenye benchi hilo Sadalla alikaa kulia, na kushoto kwake alikaa Elimringi. Huyu alikuwa muuza vipuri vya simu, Mchaga wa Mwika, mtu wa maneno machache. Akishinda anakohoa mara moja, basi. Sadalla alimcheza Babu Bakora, mzee wa ndevu na fimbo, anayemsogelea mtu karibu na kumtandika. Elimringi alimcheza Dada Sindano, mwanamke mwembamba anayerusha sindano kwa mbali. Majina hayo ni ya hapa hapa, kwenye boksi yameandikwa mengine. Wawili hao hawakuinuliwa kwenye benchi ila kwa adhana au kwa njaa. Sadalla akaitwa bingwa, naye hakulikataa jina.

Mwaka jana baba yake Elimringi alifariki. Elimringi ndiye kitinda mimba, na kwao kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Akafunga fremu yake ya duka, akafungasha, akarudi Moshi. Sadalla alimsindikiza mpaka stendi, akambebea begi, akamwambia, "Utarudi tu wewe, huko baridi." Hakurudi. Sadalla hakulizungumzia sana jambo hilo, na kwa mtu anayezungumzia kila kitu, hiyo ilikuwa dalili.

Mashine ya zamani nayo ikafa. Sadalla mwenyewe ndiye aliyeifungua na kuitangaza maiti. Badria, ambaye ni mjane na banda lile ndilo linalomlisha, aliuza friji la soda, akanunua mashine mpya na toleo jipya la Pokezana. Pale friji lilipokuwa pakabaki alama nyeupe sakafuni. Wiki ya kwanza watu walijaa, na maoni yakajaa pamoja nao.

Bryson ni winga, wale vijana wanaokukamata njiani kukupeleka kwenye duka lenye unachotafuta. Yeye alisema gemu lina picha nzuri kama kadi ya harusi, ila pilau hakuna. Muuza vitenge mmoja alilalamika kwamba wapiganaji wamepunguzwa, halafu waliokatwa unauziwa kando. Alisema ni sawa na kuuziwa suruali leo na zipu kesho. Agnesi, anayeuza sare za shule jirani na banda, akawapinga wote. Alisema ufundi wa toleo jipya uko palepale wanapopachukia: zamani wa pili anaingia wa kwanza akishatoka, sasa anaingia katikati ya pigo, wawili wanampiga mtu mmoja kwa pamoja.

"Sasa pedi unampa mwenzako saa ngapi?" Bryson akamuuliza.

"Humpi," Agnesi akasema. "Unawacheza wote wawili mwenyewe."

Hilo likawakaa vibaya. Lakini hakuna aliyelikata shauri, kwa sababu Sadalla alikuwa hajasema. Alisema Jumatatu iliyofuata, Bryson alipopita mezani kwake.

"Mambo, bingwa? Umeshalionja?"

"Poa. Nimelionja." Sadalla hakuinua macho kwenye simu aliyokuwa anaichokonoa. "Kimeo."

Neno hilo moja, ambalo mafundi huliita simu mbovu isiyofaa kitu, lingetosha. Yeye akaongeza ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la WhatsApp la wachezaji, akieleza kwamba mapigo hayana uzito, kwamba gemu limetengenezwa kwa watu wenye haraka, na kwamba mwenye kuuheshimu mchezo hawezi kulikalia. Mpaka Ijumaa mabenchi ya Badria yalikuwa matupu. Muuza viatu vya watoto akaanza kuja kupima ukuta kwa macho na kuulizia kama fremu inaachwa.

Sasa nikwambie ambacho hakuwaambia. Alilicheza mara moja, asubuhi, banda halijapata mtu, Badria akiwa nje anafagia. Alicheza na mashine, kwa kiwango cha wanaojifunza. Babu Bakora alikwenda vizuri kabisa mpaka akazidiwa, Sadalla akabonyeza, Dada Sindano akaingia. Pale Sadalla akakwama. Miaka tisa alikuwa amekaa karibu na yule mwanamke, na hakujua hata kitufe kimoja cha kumfanya arushe sindano. Mashine ikamtwanga. Bingwa wa Pokezana alikuwa analijua nusu ya Pokezana, ile nusu nyingine iko Mwika. Aibu ikampanda hadi masikioni, na mtu mzima akiona aibu hutafuta wa kumtupia. Akalitupia gemu.

Jumatano iliyofuata Badria alifika mezani kwake na simu isiyo na ubovu wowote. Aliiweka juu ya meza, akavuta kigoda.

"Ina nini?" Sadalla akauliza.

"Haina kitu. Nimekuja kukuona wewe." Badria si mtu wa kuzungusha maneno. "Yule wa viatu amekuja tena kuulizia fremu. Nimemwambia nitamjibu Jumapili."

Sadalla alishika bisibisi, akaiweka, akaishika tena. "Mimi nilitoa maoni yangu tu, Da Badria."

"Maoni yako yamenifungia mlango. Sikulaumu, mdomo ni wako. Ila nijibu, ulilicheza mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mbele ya nani?"

Sadalla akainamia ile simu isiyo na ubovu. Muuza chaja alikuwa ameacha kupanga chaja zake kitambo, na muuza kava alikuwa amemgeuzia mteja mgongo ili asikie vizuri.

"Njoo Jumamosi baada ya adhuhuri ulicheze mbele ya watu," Badria akasema. "Ukimaliza, ukisema kimeo, mtu wa viatu nampa fremu yake na mimi na wewe tutasalimiana kama kawaida. Lakini nisifungiwe banda na neno la mtu aliyecheza mara moja, peke yake, mimi nikiwa na ufagio nje."

Angekataaje, masikio yale yakiwa pande zote mbili? Akasema atakuja. Siku mbili zilizofuata alifikiria homa, akafikiria msiba wa mbali, akafikiria mpaka mteja wa kumfuata Mbagala, asiye na simu ya kupigiwa na kuulizwa. Mwisho akaona kwamba visingizio vyote hivyo vinajulikana, kwa sababu wateja humletea yeye kila siku.

Jumamosi banda lilijaa mpaka mlangoni. Waliokuja kuona Badria akiokoka walikuwepo, na waliokuja kuona mtu akiumbuka walikuwepo, hao ndio walioshika viti vya mbele. Bryson alikaa upande wa pili na pedi yake. Alimchagua Kontena, jitu la chuma lenye mabega kama mzigo wa bandarini, na mpiganaji mwingine wa kumpokea. Alikuwa amefanya mazoezi ya wote wawili kimyakimya, maana kulisema vibaya gemu hakukumzuia kulicheza. Sadalla alikaa upande wa kulia wa benchi. Upande wa kushoto ulibaki wazi, na japo watu walikuwa wamesimama kwa kubanana, hakuna aliyekaa pale.

Babu Bakora alianza kama zamani. Alimsogelea Kontena, akampiga miguuni, akamzunguka, akampiga tena, na watu wakaanza kunong'ona kwamba bingwa ni bingwa. Halafu Kontena akamshika. Akambwaga mara tatu mfululizo, na ule mstari wa damu, yaani uhai anaogawana na mwenzake, ukabaki kidogo tu juu ya kioo. Sadalla akabonyeza. Dada Sindano akaruka kuingia uwanjani.

Na mkono wa Sadalla ukaenda kushoto na pedi.

Hakuuamuru. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa miaka tisa, ukasimama pale hewani mbele ya nafasi isiyo na mtu. Dada Sindano alisimama katikati ya uwanja mikono chini, hajui la kufanya, saa ya gemu inahesabu. Bryson alikuwa na Kontena hatua moja kutoka kwake. Kofi moja lingemaliza kazi.

Bryson akaiweka pedi yake mapajani. "Pedi hewani," akasema kwa sauti ya chini.

Sadalla aliutazama mkono wake, na pale pale akamkumbuka Elimringi kwa namna ambayo hakuwa amejiruhusu tangu ile siku ya stendi. Roho ilimuuma. Alitaka kuurudisha mkono asiweze.

Badria akatoka kwenye kiti chake cha mlangoni, akapita katikati ya watu, akaketi kushoto na kuichukua ile pedi. "Nimemwangalia Elimringi miaka yote hiyo," akasema. "Lazima kuna kilichoingia kichwani."

Kilikuwa kimeingia kidogo. Alirusha sindano tatu, mbili zikapata, ya tatu ikaenda inakojua yenyewe. Kontena akamfikia, akambeba juu, mchezo ukaisha. Wakashindwa.

"Haya, bingwa," Bryson akasema. "Kimeo au si kimeo?"

Sadalla alijifuta jasho kwa kitambaa kilekile anachofutia vioo vya simu. "Si kimeo," akasema. "Siku ile alipoingia Dada Sindano sikujua hata kitufe cha kurusha sindano. Mimi namjua Babu tu. Hata lile la zamani nilijua nusu, nusu nyingine alikuwa nayo Elimringi. Niliona haya kusema, nikalisingizia gemu. Da Badria, unisamehe."

Badria akasema yameisha. Wengine walicheka, na Bryson akambatiza jina Bingwa wa Nusu, ambalo analo mpaka leo. Lakini kicheko kilipopungua, muuza vitenge akakiri kwamba na yeye hajawahi kumgusa mpiganaji wa pili. Mwingine akakiri, na mwingine. Ikaonekana kwamba karibu wote waliolisema vibaya lile gemu walikuwa nusu ya mchezaji, isipokuwa Agnesi, ambaye zamani alikuwa hapati mtu wa kukaa naye kwenye benchi, akajifunza wote wawili mwenyewe. Siku hiyo walipanga foleni akawafundisha, na mtu wa viatu alipokuja Jumapili aliambiwa akaulizie mtaa wa pili.

Jioni ya Jumamosi ile ile, benchi bado limejaa, Sadalla alimpigia Elimringi na kuweka sauti ya juu ili watu wamsalimie. Walipomaliza salamu na utani wa baridi ya Moshi, akamhadithia yote: kimeo, mtu wa viatu, mkono uliokwenda kushoto. Elimringi alisikiliza bila kumkatiza.

"Na huko kwenu limefika?" Sadalla akauliza.

"Limefika. Kuna banda karibu na sokoni. Waliniuliza nasemaje."

"Ukawaambiaje?"

Bryson akaisogelea simu ili asikie vizuri.

"Niliwaambia kimeo," Elimringi akasema.

Banda lilipasuka kwa kicheko. Sadalla alicheka mpaka machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kicheko yote. Elimringi alisubiri watulie.

"Nitaenda kesho niwaambie ukweli," akasema. "Ila kwanza nieleze, huyu Babu anazungushaje fimbo?"

Sadalla akasogea upande wa kushoto wa benchi, mahali pa Elimringi, akashika pedi, akaanza kumweleza kitufe kimoja kimoja.