Roketi Iliyoingia Bila Hodi

Katika siku za ujana wangu, mwanangu, ile nisiyoweza kuisahau ni siku roketi yetu ilipotoboa paa la Bi Mwanakombo, pale Msambweni. Usicheke bado. Nilikuwa kidato cha tatu, mwembamba kiasi ambacho ukiniona leo huwezi kuamini, na mimi na binamu yangu Rukia tulikuwa tumeshikwa na wazimu wa kurusha chupa. Chupa zenyewe za plastiki tulikuwa tukiziokota Diani, nyuma ya hoteli. Unatia maji kidogo, unaziba mdomo kwa kizibo cha mpira, unaisimamisha mdomo chini, halafu unajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Ikifyatuka hapo, utaitazama mpaka shingo ikuume. Juu yake tulikuwa tumeifunga pua ya ubao, tumeichonga ikawa kali, ili ikate upepo vizuri. Habari ya kushuka hatukuifikiria hata kidogo. Kwetu sisi kazi ya roketi ilikuwa ni kupanda, mengine yangejijua yenyewe.

Tuliirushia kwenye kiwanja cha skuli. Ilipofika juu upepo wa kusi uliisukuma, ikageuka kichwa chini, ikaja moja kwa moja kwenye nyumba ya jirani, ikapasua makuti yaliyochakaa na kupotelea ndani. Humo ndani alikuwa amelala Mzee Bakari, mume wa Bi Mwanakombo. Alikuwa amepooza upande mmoja na ulimi wake umekuwa mzito, hatamki neno likaeleweka. Alikuwa ameanza kupata nafuu, na kila jioni mkewe alikuwa akimtoa barazani apunge upepo. Roketi yetu ilianguka miguuni pake. Haikumuumiza, alhamdulillahi, lakini ilimtia hofu, na tangu siku ile akakataa kutolewa nje. Mkewe akimshika mkono amwinue, alikuwa akitazama paa na kutikisa kichwa.

Bi Mwanakombo alitufuata mpaka kiwanjani, chupa mkononi. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, maana alikuwa mtu wa adabu hata akiwa na hasira. Kisha akasema, "Hata aliyeniletea habari ya msiba wa mamangu alipiga hodi kwanza. Hiki chenu kimeingiaje kwangu bila hodi?"

Nikamwambia, "Tusamehe, bibi. Haturushi tena."

"Nimewaambia muache? Mkiacha, nani atamwondoa mzee wangu hofu? Kifunzeni adabu kitu chenu. Hodi ni mara tatu, na mimi nawapa mara tatu. Mara ya tatu kisiposhuka kwa adabu, basi, hapa kwetu msikirushe tena."

Unaijua hiyo desturi yetu, mwanangu. Unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka, wala huweki kinyongo. Rukia alicheka tulipokuwa tukirudi nyumbani. Mimi sikucheka, nilikuwa na uso wa Mzee Bakari machoni.

Tuliitupa ile pua ya ubao, tukatengeneza nyingine nyepesi ya karatasi ngumu. Tuliiweka bila kuibana, ili roketi ikishafika juu na kuinama, pua idondoke na kuuvuta nje mwavuli wa kuishushia. Mwavuli tuliukata kwenye mfuko wa nailoni, siku hizo mifuko haijapigwa marufuku, tukaufunga kwa uzi wa mshipi wa kuvulia samaki. Tukahamia upande wa mbali wa kiwanja, tukarusha. Pua ilidondoka vizuri, lakini mwavuli ulitoka umejikunja vile vile. Joto na unyevu wa pwani vilikuwa vimeyagandanisha makunjo yake. Roketi ikajipiga majanini, ikapasuka.

Siku hizo tulikuwa tukienda kwa Bi Mwanakombo kila tukitoka skuli, kumsaidia kumgeuza mgonjwa. Hakutuita, tulijipeleka wenyewe kwa aibu. Siku moja tukamwona akimpaka mzee poda mgongoni, ngozi isigande na shuka. Rukia akanitazama, nami nikamtazama. Jioni ile tuliupaka mwavuli wetu poda, ukanukia kama mtoto mchanga.

Mara ya pili ulifunguka, tena ulifunguka mno. Roketi ilikataa kushuka, ikachukuliwa na upepo hadi kwenye minazi ya watu, ikaning'inia huko. Bi Mwanakombo aliangua kicheko, na mzee alipokisikia chumbani akaashiria kwa mkono kuuliza kuna nini. Mkewe akamsimulia. Sisi tukakaa chini tukashona mwavuli mwingine mdogo zaidi, wa kitambaa chepesi, tukautoboa tundu katikati, upana wa kikombe cha kahawa, upepo upate pa kupita. Tukakubaliana pia kurusha asubuhi, kusi haijachachamaa.

Asubuhi ya mara ya tatu, Mzee Bakari aliinua mkono wake mzima akaonyesha mlango. Bi Mwanakombo akamtoa barazani, akamwegemeza kwa mito. Niliogopa isije ikamtia hofu tena. Nilimwambia Rukia tuahirishe, turushe siku nyingine.

"Yeye ametoka," Rukia akasema, "sisi ndio tujifiche?"

Nikapiga pampu. Roketi ikapanda, ikainama, pua ikadondoka, mwavuli ukafunguka. Rukia alikimbia chini yake akiita hodi kwa sauti, hodi, hodi jamani, nayo ikaja ikiyumba taratibu mpaka ikatua mchangani, mbele ya baraza. Bi Mwanakombo alitaka kuitikia, mzee akamzuia kwa mkono. Midomo yake ilihangaika kwa muda mrefu.

"Ka... karibu," akasema.

Bi Mwanakombo akajifunika uso kwa leso. Nami nililia, sioni haya kukwambia.

Mwanangu, wewe una vifaa ambavyo sisi hatukuviota, na sikukatazi kurusha. Ninachokuusia ni hiki. Chochote unachotaka kukipandisha, iwe roketi, iwe neno, iwe uamuzi juu ya maisha ya wenzako, kabla hakijapanda nenda ukamjue aliye chini yake. Usimtumie salamu tu, kaa naye, jua anaumwa wapi. Na ukikosea, usikimbie, wala usiiache kazi kwa sababu ya aibu. Ukiacha utapumzika wewe, na uliyemtia hofu atabaki nayo peke yake. Rudi kwake ukatengeneze.

Mwenyezi Mungu akufanyie wepesi. Kazi yako ipande, na wote walio chini yake walale salama.