Kazi ya Tovuti Niliyompa Mkwe

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile niliyosimama nyuma ya mlango wa jikoni kwangu nikimpigia kelele mkwe wangu juu ya tovuti. Usicheke. Au cheka tu, maana hata mimi sasa nacheka, lakini siku ile nilitaka kulia. Mimi nilikuwa ndani. Yeye alikuwa nje, karibu na banda la mbuzi, kompyuta yake ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Binti yangu Ghati alikuwa anakimbia kati yetu na maneno.

"Mama anasema picha hiyo siyo!"

"Mwambie mama, ni ipi sasa?"

Nusu saa nzima tulibishania picha ambayo mimi nilikuwa siioni.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia unataka tovuti ya biashara yako ya asali, na kazi umeshamwahidi mtoto wa baba yako mdogo, kwa vile ni ndugu. Kaa basi. Chai bado ipo kwenye chupa.

Wewe umekulia mjini, kwa hiyo acha nikueleze. Kwetu Wakurya, mama mkwe na mume wa binti yake hawakai pamoja. Hawali meza moja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mmoja anapita pembeni. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo sijaibeza hata siku moja. Tena Mwita, mume wa Ghati, alikuwa na heshima ya kupitiliza. Hata nikimpigia simu alijibu "ndiyo mama, ndiyo mama", basi. Mtu wa namna hiyo ndiye niliyemkabidhi kazi ambayo lazima mkae bega kwa bega mkitazama kioo kimoja. Akili yangu ya biashara ilikuwa bado changa, mwanangu, ingawa mwenyewe nilikuwa nimeshaitwa mama mkwe.

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, huku juu milimani Tarime, kila mmoja na shamba lake la kahawa. Miaka yote tuliwauzia madalali waliopita na pikipiki, kwa bei wanayoitaka wao. Ukikataa wanakwambia, "Basi inywe mwenyewe, mama." Kauli hiyo ilituchoma. Tukaamua kweli kuinywa: tukaanza kuikaanga wenyewe, kuitwanga na kuifunga kwenye pakiti. Nikapeleka kidogo kwenye harusi moja kule Kisaka, na hapo akaionja dada mmoja, mnunuzi wa hoteli ya watalii upande wa Serengeti. Alifumba macho kwanza. Halafu akasema, "Mama, kahawa hii naitaka. Lakini anayeamua ni bosi wangu, yuko Arusha, na wageni wetu wanapenda kujua wanakunywa kahawa ya nani. Nitumie tovuti yenu aione kabla msimu wa wageni haujaanza. Mkichelewa tutachukua ya watu wengine."

Nikaitikia kwa sauti ya mtu mwenye tovuti. Tovuti yenyewe sikuwa nayo, na hoteli ile ikitupita tunarudi kwa wale wa pikipiki.

Ndipo nikamkumbuka Mwita. Alikuwa na kibanda mjini, anatengeneza simu na kuchapa kadi za harusi. Nikajiambia, nitafute mtu wa nini na kompyuta imo ndani ya ukoo? Sikumwuliza ametengeneza tovuti ngapi. Nilimtuma Ghati akamwambie, na jibu likarudi lilelile: ndiyo mama.

Ilipokamilika, Ghati aliniletea simu niione. Tulisubiri. Nikaenda kugeuza ugali, nikarudi, bado inafunguka. Kisha akatokea simba. Simba mkubwa, mdomo wazi, na chini yake kikombe cheupe cha watu wengine kabisa, hata kahawa yenyewe si ya kwetu. Chini zaidi kulikuwa na maelezo marefu ya Mwita mwenyewe, alikosoma na anavyojua kompyuta, na namba ya simu ikawa ni yake. Sisi wanawake kumi na mmoja hatukuwemo. Njia ya kufika kwetu haikuwemo.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Mwambie ni nzuri sana." Mkwe hakaripiwi. Nikaenda shambani nikaongea na mikahawa peke yangu, kwa ukali ambao sitaurudia hapa.

Bosi wa Arusha akapiga ile namba. Akampata Mwita, akamwuliza mnaweza kutoa kahawa kiasi gani kwa mwezi. Mwita hajui. Akaona haya kunipigia mimi, Ghati naye alikuwa Sirari kumtembelea rafiki yake, kwa simu hapatikani. Zikapita siku tatu. Siku ya nne yule dada wa hoteli akanipigia mwenyewe. "Mama, bosi anasema hawa watu hawaeleweki. Nimembembeleza, kanipa wiki tatu. Zikiisha sina la kufanya." Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Basi ndiyo siku ile ya mlango. Nilimwita Mwita aje arekebishe, mimi ndani, yeye nje, na Ghati katikati anahema. Shangazi yangu Wankyo, dada wa marehemu baba, akaingia getini na fimbo yake akatukuta hivyo. Huyu ndiye aliyenilea. Nikamwamkia shikamoo kutoka dirishani, hata marahaba hakunipa.

"Bhoke! Umegombana na nani?"

"Sijagombana, shangazi. Tunatengeneza tovuti."

Alipoelezwa tovuti ni nini akaja akasimama mlangoni. "Baba yako alipotaka dume la kuzalisha," akasema, "alikuwa anamsifu mwenye dume? Alikwenda zizini kwa watu akaangalia ndama. Ndama wakiwa dhaifu, alirudi nyumbani, hata kama mwenye dume ni rika lake. Wewe umeona ndama wangapi wa huyu mkwe wako?"

"Hakuna, shangazi."

"Hakuna! Na kazi ya kukaa pamoja umempa mtu usiyeruhusiwa kukaa naye. Unamvunjia heshima huku unadhani unamheshimu. Atakukatalia vipi wewe? Ana mdomo wa kukukatalia?"

Niliona aibu, mwanangu, ya kutaka ardhi inimeze. Lilikuwa halijanipitia kichwani hata mara moja kwamba yule kijana hakuwa na njia ya kuniambia hapana.

Shangazi akageuka akamwendea. Kwake yeye Mwita ni mume wa mjukuu, na bibi kwetu anataniana naye anavyotaka. "Wewe mura, kijana wangu, hii kazi unaiweza?"

Nikamsikia Mwita anavuta pumzi. "Bibi, kusema kweli siiwezi. Simu naweza. Tovuti nilikuwa najifunzia kwenu. Silali, bibi!"

"Basi umetuliwa mzigo. Funga hicho kidude uende ukale."

Kijana alicheka mpaka mbuzi wakashtuka. Na kabla hajaondoka alifanya jambo la kiungwana ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Jina la tovuti alikuwa ameliandikisha kwa jina lake, akampa Ghati neno la siri na kila kitu, likahamishiwa kwa kikundi. Wengine hapo ndipo wanapokushika koo.

Kesho yake nikashuka Tarime na daftari. Safari hii nilikuwa natafuta ndama. Wa kwanza alikuwa na ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka, maneno matamu kama nini! Nikamwomba majina ya watu aliowafanyia kazi. Akanitajia mfugaji mmoja wa Ringwani. Nikatoka nje nikampigia yule mfugaji. "Nani? Yule?" akasema. "Mama, tangu amalize kazi hapokei simu yangu. Ukimwona mwambie bado namtafuta." Nikamshukuru, wala sikurudi kule kwenye feni.

Wa pili hakuwa na kazi hata moja ya kunionyesha. Wa tatu alikuwa binti anaitwa Esta, kwenye kona moja ya duka la steshenari karibu na stendi. Alinionyesha kazi nne. Zote nilizifungua kwenye simu yangu mwenyewe, hii hii ya kioo kilichopasuka, na zote zilifunguka kabla sijamaliza kusema Esta. Nikawapigia wenye nazo watatu. Wote walimsifu, na mmoja akaongeza kuwa ni mbishi. Nikasema huyo mbishi ndiye namtaka.

Kweli mbishi. Kabla ya yote akaniuliza anayenunua ni nani, anaangalia kwa simu au kwa kompyuta, na akishaangalia nataka afanye nini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Mimi nikasema nataka simba.

"Mama, mnauza simba?"

"Hatuuzi."

"Basi tumwache porini."

Akaandika kwenye karatasi kazi atakazofanya, siku atakayomaliza, na yale ambayo hatayafanya. Akapanda na bodaboda mpaka kwetu. Akapiga picha mikono yetu ikichuma, kahawa nyekundu kikapuni, na Shangazi Wankyo akionja kikombe kwa uso wa hakimu. Akakaa nami bega kwa bega, jioni mbili, kwenye benchi moja. Nikisema hapana anafuta, akisema hapana ananieleza kwa nini. Akamfundisha Ghati kubadili bei na picha ili tusimtegemee yeye milele. Namba ya simu ikawekwa yangu, pale juu kabisa, na chini yake njia ya kufika kwetu.

Zilikuwa zimebaki siku nne simu ilipolia, tuko shambani. Sauti ngeni, ya Arusha. "Ni Mama Ghati? Nimewaona. Yule bibi kwenye picha, akiikubali kahawa yeye, mimi ni nani nikatae? Jumatatu gari linakuja, njia nimeshaiona humo humo."

Mwanangu, nilitupa kikapu! Vigelegele vya wanawake kumi na mmoja ulivisikia? Hukuvisikia, ulikuwa huko kwenu mjini, lakini kilima cha pili walivisikia, wakaja mbio wakidhani kuna harusi. Jumatatu gari likaja na likaondoka limejaa pakiti zenye jina letu. Madalali wa pikipiki walipita wiki ile. Tukawakaribisha kahawa, wakainywa, wakaondoka mikono mitupu.

Na jioni ile Mwita alikuja akasimama kule kule kwenye banda la mbuzi, ameupa mlango mgongo. "Hongera, mama!" Nami nyuma ya mlango wangu nikamjibu, "Asante, mwanangu!" Hakukuwa na mtu wa kukimbia katikati. Tulisikilizana vizuri kabisa.

Basi nasaha yangu ndiyo hii. Fundi wa tovuti mchague kwa kazi zake unazozifungua mwenyewe kwenye simu yako, na kwa watu aliowafanyia unaowapigia mwenyewe. Mpende anayekuuliza kabla ya kukuahidi. Jina la tovuti liwe lako, makubaliano yawe kwenye karatasi. Zaidi ya yote, mpe kazi mtu unayeweza kumwambia hapana, na yeye akakuambia hapana, na kesho mkasalimiana. Mtoto wa baba yako mdogo nenda kamwulize kwa upole kama anaiweza. Huenda naye halali usiku.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mlango wa kupokelea wateja na mlango wa kuwaheshimia ndugu, na akupe akili usiichanganye milango hiyo miwili.