Magauni Matatu ya Kitambaa Kimoja

Kutoka Kiambi niliisukuma baiskeli zaidi kuliko nilivyoipanda. Kichwa cha cherehani nilikifunga nyuma kwa mipira, na kila penye mchanga nilishuka. Manono nililala kwa jamaa ambao hawakunipa hata maji ya kuoga. Kabalo niliingoja treni mpaka wauza mihogo wakanizoea. Nayo ilisimama porini, ikasahauliwa, ikaondoka tena. Mtu wa kwanza niliyezungumza naye Kalemie alinitukana, kwa sababu gurudumu langu lilimgusa suruali.

Nimepita miji mingi tangu hapo. Ile iliyonikaribisha nimeisahau.

Nilipata pa kushonea kwenye baraza la duka la mfanyabiashara mmoja, mtu wa kaskazini ya ziwa, aliyekuwa akivuka hadi Kigoma kuleta sabuni na sahani. Alikuwa Mkristo wa kusali kwa sauti kubwa. Badala ya kodi nilishona nguo za nyumba yake. "Wewe Muluba wa porini," aliniambia kila nilipoomba uzi, "uzi wangu unakulia na ugali?"

Mke wake alitoka Moba. Walikuwa na binti wa miaka kama saba, aliyezaliwa pacha. Mwenzake alikufa kabla ya kutembea. Kwao huyo mama, kama kwetu, pacha aliyekufa haachwi hivi hivi. Huchongewa mtu mdogo wa mti, akaogeshwa mwenzake akiogeshwa, akavishwa mwenzake akivishwa. Ukimnyima yeye, umemwita na yule aliye hai amfuate. Binti alimbeba huyo dada yake wa mti mgongoni siku nzima. Alikuwa pia na mwanasesere wa plastiki mwenye nywele za njano, zawadi ya baba. Huyo wa plastiki, baba alimwita mutoto. Yule mwingine alimwita kuni.

Siku moja yule mama aliniletea picha iliyopauka: mama yake mzazi akiwa msichana wa misioni, katika gauni la zamani lililofika kwenye vifundo vya miguu, kola imepanda shingoni, mikunjo kifuani, mikono imevimba mabegani kama vibuyu.

"Sasa ni muzee, macho inakufa," alisema. "Siku ya posho tunapanda boti ya Moba. Nataka amuone mujukuu wake hivi. Magauni tatu, Papa fundi: ya mutoto, ya ule wa plastiki, na ya dada yake. Kitambaa kimoja. Usikosee."

Sikuwahi kushona mikono ya namna ile. Nilikata sehemu ya juu pana mno, nikaivuta kwa uzi, nikatia ndani kipande cha mfuko wa unga ili isimame. Mikunjo ya wanasesere ilikuwa myembamba kama ukucha. Hiyo niliishona kwa mkono. Yule wa mti alikuwa amechongwa mikono imegandamana na tumbo, kwa hiyo gauni lake nililipasua ubavuni na kulifunga kwa vifungo.

Baba alilikuta la binti likining'inia mlangoni.

"Nguo za wakoloni ndani ya nyumba yangu! Serikali inasema otantisite, turudilie mambo ya mababu, wewe unafufua masista?"

Mkewe alimtoa yule wa mti mgongoni kwa binti, akamsimamisha juu ya kaunta. "Otantisite unaitaka? Ndiyo hii. Ilizaliwa kwetu, haikuvuka ziwa."

Watu waliokuja kununua chumvi walicheka sana. Kicheko kile yule bwana hakukisamehe.

"Ya mutoto, shona," aliniambia. "Ya plastiki, shona. Ya kuni, sitaki kuiona hapa."

Alipoingia ndani, mkewe aliniinamia. "Yeye iko na duka. Mimi niko na mutoto mumoja amebaki."

Nikashona yote matatu.

Asubuhi ya safari binti alikuwa amekwisha kuvaa, nami namalizia kupiga pasi lile la dada yake wa mti. Baba akatoka, akalichukua mezani, akafunua kifuniko cha pasi, akalitumbukiza kwenye makaa. Popelini haikawii kuungua.

"Sasa tuone atavaa nini."

Binti alipeleka mikono mgongoni kutafuta vifungo. "Mama, nifungulie."

"Wacha!" baba alipiga kelele.

"Ya dada haiko," alisema mtoto, akaanza kuivuta kola mpaka kifungo kikaruka.

Mama alinitazama. "Kitambaa kimebaki?"

"Hakuna, Mama. Kimeisha kwenye mikono."

Bandarini boti ilipiga honi. Nilipiga magoti, nikamwambia mtoto asitikisike, nikaingiza mkasi kwenye pindo la gauni lake.

"Fundi, ukikata, baraza yangu hautaiona tena."

Nikakata kuzunguka, upana wa viganja vitatu. Baba aliupiga teke mkeka wangu, vifungo vikatawanyika mtaroni. Nilikaa kwenye ngazi, nikashona kwa mkono.

"Mabega, Papa fundi," mama aliniharakisha. "Mikunjo wacha. Mama yangu atapapasa mabega."

Nikaacha kola, nikaacha mikunjo, nikavimbisha mabega. Gauni la binti sasa liliishia magotini.

"Mutazame!" baba alicheka peke yake. "Unapelekea mama yako nusu ya sista."

"Nusu, lakini wote wawili," mkewe alijibu.

Alimfunga yule wa mti mgongoni kwa binti, wakashuka haraka kwenda bandarini. Yule wa plastiki, na gauni lake refu kamili, hawakumchukua.

Nilikifungua kichwa cha cherehani na kukifunga kwenye baiskeli. Mwenye duka alisimama mlangoni akiniangalia mpaka nilipomaliza.

"Na abakosi yangu, koti ya otantisite uliyonipima?"

"Kitambaa chako kiko pale, Papa. Sijakikata."

Nikasukuma baiskeli kwenda stesheni.