Kitenge cha Tabu Sokoni

Jumamosi, Mwanza.
Dada Leah, na ninyi rafiki zangu,

Leo sokoni nimekiona kitenge cha marehemu mke wangu.

Nilikijua kwa alama ya pasi. Tabu alikiunguza mwenyewe, akacheka.

Mama Kulwa, jirani yetu aliyehamia Sengerema, alikuwa amekibebea mtoto mgongoni.

Nikamwita. Akageuka, samaki wakamdondoka.

"Shemeji, wewe si tulikulilia? Nilisonga ugali msibani kwako mpaka mkono ukavimba."

Mnajua nilivuka bahari peke yangu kwa makasia, na simu ikafa katikati. Juzi nimerudi, nikakuta sanduku la nguo nyumbani likiwa tupu, na kila ndugu anakwepa swali langu.

Kumbe walishaanua matanga yangu. Wakagawa nguo zangu, na za Tabu nilizozitunza wakazigawa pia.

Nikakaa chini, juu ya magamba ya samaki.

Mama Kulwa akaanza kufungua fundo. "Chukua, shemeji. Ni chako."

Nilikitaka. Sina kingine chake.

Mtoto akaamka, akalia.

"Mfunge tena," nikasema.

Ninyi mngekichukua?

Mkisali leo nitajeni, safari hii pamoja na walio hai.