Niliona Neno "Ini" Nikamwita Mume Wangu Mlevi

Nimekosa, na sitaki mtu anipoze. Nilimharibia mume wangu jina kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tunaishi Njoro, tuna ng'ombe watatu na kashamba ka ngano. Mume wangu, Baba Shiku, ni mzee wa kanisa, hajaonja pombe tangu aokoke. Mwaka jana alisumbuliwa na tumbo, akaenda kupigwa picha, akarudi akasema si kitu ya kuogopa. Kesho yake nikifua suruali yake nikapata karatasi ya daktari. Imeandikwa kuna kifuko cha maji kwenye ini.

Ini! Kwetu ini ni pombe, nani hajui? Binamu yangu alikufa na ini, na huyo hakuwa akilala bila chupa. Nikasema, kumbe huyu mzee hunywa akipeleka maziwa Nakuru!

Sikumuuliza. Alhamisi nikasimama kwa maombi ya akina mama, nikalia: "Niombeeni, Baba Shiku ameshikwa na pombe, ini limeanza kuharibika." Nilijiona mcha Mungu kabisa! Kufika Jumapili kila mtu anajua, na mzee akaambiwa apumzike kidogo kuhudumu meza ya Bwana.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama Shiku, si ungeniuliza."

Daktari alikuwa amemwambia arudi baada ya miezi sita, kwa sababu kifuko chake kilikuwa kikubwa. Hakurudi. Angerudi aje, na nesi wa pale ni wa kanisa letu? Ubavu wa kulia ukauma, akanyamaza. Akila vijiko viwili ameshiba, akanyamaza. Mpaka siku alitetemeka na homa, macho yamekuwa manjano, ndiyo ndugu yake akamkimbiza hospitali na pikapu ya maziwa.

Kifuko kilikuwa kimeingia usaha. Wakakitoboa na sindano, wakaweka mpira wa kutoa uchafu. Nikamuuliza daktari pole pole kama ni pombe. Woi, alinikasirikia! "Mama, nani alikudanganya? Hivi haviletwi na pombe. Watu wengi wako navyo na hawajui, na vingi hatuvigusi hata. Lakini yeye tulimwambia arudi. Alikuwa wapi?"

Alikuwa wapi! Alikuwa nyumbani akijificha na aibu yangu.

Amepona. Nikasimama tena mbele ya wale akina mama nikakiri nilisema uongo. Unajua mmoja alifanya nini? Alinishika mkono akaninong'oneza, "Tunaelewa, unamsitiri mume wako." Nusu nimpige kofi! Uongo waliuamini kwa dakika moja, ukweli wanakataa hadi leo.

Wewe unayesoma, ugonjwa wa mwenzako usiutangaze, hata kama unauita maombi. Karatasi usiyoielewa, muulize mwenyewe, halafu muulize daktari. Akiambiwa arudi, mshike mkono mrudi pamoja. Na ubavu wa kulia ukiuma, homa ikipanda ama macho yakiwa manjano, jameni, msingoje siku ya kliniki. Nendeni hiyo siku!

Mimi nimechelewa. Juzi nilimpata zizini ameinama, ameshika ubavu. Nikamuuliza kama unauma tena. Akajinyoosha, akachukua ndoo ya maziwa, akaniambia, "Mama Shiku, unataka kujua unipeleke hospitali, ama upeleke kwa maombi ya Alhamisi?"