Kisu cha Harusi ya Tunu

Siku ya harusi ya binti wa jirani yangu, beseni la nyama lililetwa mlangoni kwangu.

Mbuzi mzima. Amekatwakatwa vizuri, maini yamewekwa juu.

Wasichana wawili waliolibeba walilitua chini, wakageuka, wakaondoka. Shikamoo hakuna. Hodi hakuna.

Miaka ile nyama ilikuwa kitu cha kuota usingizini. Mie nililitazama beseni lile kama mtu anayetazama maiti.

Ngoja nieleze lilivyofika hapo.

Naitwa Kokuberwa, kwetu Bukoba. Wakati ule tuliishi Tabata, vita vya Kagera vimeisha juzijuzi tu. Wenye umri wangu wanaijua hiyo miaka. Duka la ushirika lina rafu tupu na muuzaji aliyenuna. Sabuni foleni. Sukari foleni. Unga wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, ndio huo huo, ule usile.

Kisu cha jikoni? Sahau.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi kimu, nina stashahada yangu ya chuo. Nafundisha wasichana kukata mboga, na darasa zima tuna kisu kimoja kilichofungwa mpini kwa kamba ya katani.

Mie si mtu wa kulalamika. Nikaamua kutengeneza.

Mume wangu Gregori alikuwa mtu wa kusini, mtoto wa mchonga vinyago, na yeye mwenyewe fundi wa magari. Akaniletea vipande vya springi ya Land Rover iliyokatika, na kipande cha reli cha kugongea. Banda la kuku nikaligeuza karakana. Kuku wenyewe tulishawala.

"Mama Anjelina, unataka uwe mhunzi?" akaniuliza.

"Nataka nikate nyanya," nikamjibu.

Kisu changu cha kwanza nilikipasha moto, nikakichovya kwenye maji. Kikalia *ti!* Kikapasuka katikati. Cha pili hivyo hivyo.

"Springi haitaki maji, inataka mafuta," Gregori akasema. "Maji yanaipoza kwa pupa."

Haya, mafuta yako wapi? Ya kupikia yenyewe tulikuwa tunayasikia kwa jirani. Kaka yake Gregori, Benedikto, alikuwa mpishi kwa mapadri. Wiki ile Gregori akaja na kopo kubwa la mafuta magumu, meupe. Sikuuliza ya mnyama gani. Mafuta ya kuchovyea chuma, nani anauliza?

Na yakafanya kazi. Unapasha kisu kwenye mkaa mpaka kiwe na rangi ya chungwa bivu. Mie nilikuwa na sumaku ya spika mbovu. Sumaku ikigoma kukishika, joto limetosha. Unakichovya, kinanguruma, moshi unakujaa usoni. Hapo kimekuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo, kwa hiyo unakisugua king'ae, unakirudisha kwenye moto wa polepole mpaka kiwe na rangi ya majani makavu, ndipo kinatulia. Halafu unakinoa kwa jiwe, unakitia mpini wa mti wa mninga. Basi.

Mtaa mzima ukapata visu. Nikaitwa Mama Visu. Nilijisikia, sitawaficha.

Sasa jirani.

Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa Mzee Mwinjuma, Mzaramo, balozi wetu wa nyumba kumi, na mkewe Mwanabaraka. Mwanabaraka ndiye aliyeniokoa mjini hapa. Nikienda kazini, Anjelina wangu anabaki kwake. Na alikuwaga anakula kwangu bila kuuliza, kwa sababu alijua kitimoto, nyama ya nguruwe, kikiingia nyumbani kwangu kina sufuria yake, na sufuria hiyo inakaa nje. Sikuwahi kumwapia. Aliniamini tu.

Gregori na Mzee Mwinjuma walikuwa watani wa kikabila. Kutwa kurushiana maneno.

"We mla panya, leo umekula wangapi?" Mwinjuma anapiga kelele juu ya ukuta.

"Nimekubakizia mkia, mtumwa wangu! Njoo uchukue!"

Wanacheka mpaka wanakohoa. Siku ya msiba kwa Mwinjuma, Gregori alilala kwenye jeneza tupu akadai hatoki mpaka apewe kuku. Akapewa.

Mie mambo hayo yalinishinda. Kwetu mtu akikuambia jambo kwa uso mkavu, ni jambo.

Basi, binti yao Tunu akapata mchumba, kijana wa Bunju. Mzee Mwinjuma akaja karakana mwenyewe.

"Mwalimu, nataka kisu cha kuchinjia mbuzi wa harusi. Kizuri. Hawa wakwe zangu wana maneno."

"Hicho ni zawadi yangu kwa Tunu, mzee," nikamwambia.

Nikatengeneza kisu kirefu, chembamba, kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Jumamosi asubuhi, Mfaume, mdogo wake Mwinjuma, ambaye ndiye mchinjaji, akaja kukichukua. Akakipitisha kwenye ukucha.

"Shemeji, hiki kisu au wembe?" Akaondoka anatabasamu.

Gregori alikuwa anatoa baiskeli aende kazini. Akaniuliza, "Hicho umekichovya kwenye kopo la Benedikto?"

"Ndiyo. Kwani?"

"Basi leo mtani wangu ataonja nguruwe kwa mlango wa nyuma. Mafuta ya nguruwe yale."

Uso mkavu kabisa. Akapanda baiskeli. Akapotea.

Nilikimbilia lile kopo. Nikanusa. Harufu ya kuungua tu. Nikachota kwa kidole. Meusi. Mafuta yakishaungua na chuma mara zote zile, hata mwenye nguruwe wake hawezi kuyatambua.

Moyo ukaniambia, nyamaza. Anajua nani?

Halafu nikamfikiria Mwanabaraka anavyofunua sufuria yangu na kujipakulia.

Nikatoka.

Hapa ndipo penyewe. Ningemwita pembeni. Ningemshika mkono nikamnong'oneza sikioni, wangejua wenyewe la kufanya. Lakini mie nimezoea kusema na darasa. Nimeingia uani, wanawake wanamenya vitunguu, wakwe wa Bunju wameshafika wamekaa kwenye mkeka, mbuzi kashachinjwa ananing'inia anachunwa, na nikasema kwa sauti ya ubaoni:

"Simamisheni kazi! Kisu hicho nilikichovya kwenye mafuta ya nguruwe!"

Mfaume alikiachia kisu kikaanguka chini. Akabaki anatazama viganja vyake.

Shangazi wa bwana harusi akainuka kwenye mkeka. "Tumekuja kuoa au kulishwa haramu?"

"Dada, subiri," Mzee Mwinjuma akasema.

"Nisubiri nini? Nisubiri pilau?"

Mwalimu wa madrasa alikuwepo. Akaanza kueleza taratibu kwamba jambo hilo lina hukumu zake, watulie, ataliangalia. Mzee Mwinjuma akamkatiza kwa upole.

"Mwalimu, nakusikia. Lakini wageni wameshasikia na wao. Nani atatia mkono kwenye sinia?"

Ndani nikamsikia Tunu analia, na mtu anamwambia asilie, hina itaharibika.

Mwanabaraka alikuwa na kitunguu mkononi. Alinitazama, akakiweka chini, akaingia ndani kwa bintiye.

Ndivyo lile beseni lilivyofika kwangu. Nyama ile kwao haiwezi kuliwa, kwetu inaweza. Hawakuitupa. Walitutupa sisi.

Ndoa ilifungwa, namshukuru Mungu. Kwenye walima, karamu ya ndoa, ukaliwa wali na maharage ya nazi. Nikiwa nimejifungia ndani nilimsikia yule shangazi kupitia ukutani. "Maharage matamu jamani! Bunju tutasimulia." Na vicheko vya watu wasiotaka kucheka.

Anjelina, ana miaka ya kuanza shule, alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni.

"Mama, kipande kimoja tu."

"Hapana."

"Cha ini."

"Nimesema hapana!"

Akalia. Mie pia.

Mchana Gregori akarudi. Akaliona beseni.

"Lahaula! Mtani katukumbuka! Mbona mbichi?"

Nikamweleza. Nilikuwa naeleza huku namwona anabadilika. Kicheko kikatoka kwanza usoni, halafu rangi.

"Umesema mbele za watu?"

"Mbele za wote."

Akakaa chini, palepale sakafuni.

"Mama Anjelina, nilikuwa natania. Yale ni mafuta ya ng'ombe. Benedikto aliyayeyusha kutoka kwenye mbavu za ng'ombe wa mapadri. Nilitaka ukamwambie Mwinjuma aruke kidogo, nikirudi tucheke."

Nilimshika kola ya shati, nikamtoa nje, nikamwingiza uani kwa Mwinjuma wakwe wakiwa bado wamekaa.

"Sema," nikamwambia.

Akasema. Kasema vizuri tu, kichwa chini. Mafuta ya ng'ombe, nilitania, nisameheni.

Mzee Mwinjuma aliinuka, akamsogelea. Nilidhani atampiga.

Akaanza kucheka.

Wallahi, alicheka. Akapiga paja. "Huyu mla panya kanipiga bao siku ya harusi ya mwanangu! Haya jamani, si mtani? Nitamfanya nini?" Akageukia wakwe. "Huyu ni mtani wangu, msimchukulie. Adhabu yake masufuria yote ya shughuli hii."

Watu wakapumua. Hata yule shangazi akacheka. Gregori akakunja mikono ya shati, wakamfunga kanga kiunoni, akapelekwa kwenye masufuria huku wanawake wanampigia vigelegele. Baada ya muda alikuwa anatukanana nao kama kawaida.

Mie nilikuwa bado nimesimama katikati ya ua.

Nikamsogelea Mzee Mwinjuma. "Mzee, nisamehe na mimi."

Kicheko kikamwisha. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Mtani hakasirikiwi, mwalimu. Akisema neno, upepo unalichukua. Lakini wewe hukutania."

Nikamgeukia Mwanabaraka, alikuwa mlangoni.

"Mama Tunu, mafuta yalikuwa ya ng'ombe. Umemsikia mwenyewe."

"Asubuhi ulisema kweli?"

"Nilidhani ni kweli."

"Na sasa hivi unasema kweli?"

"Ndiyo."

"Sasa niamini ipi, Mama Anjelina?"

Chuo kizima sikufundishwa jibu hilo.

Kesho yake nilimleta Benedikto. Akaapa kwa Biblia kwamba ni ng'ombe. Wakamkaribisha kahawa, wakamshukuru. Ikaishia hapo. Ndugu wa mume, angesema nini kingine? Ile nyama akaondoka nayo, wakapikiwa watoto wa misheni. Kwangu haikuguswa.

Halafu visu vikaanza kurudi.

Nikifungua mlango asubuhi, nakuta kisu kimezungushiwa gazeti, kimewekwa kizingitini. Hakuna maneno. Kesho kingine. Wengine walivisugua vizuri kabla ya kuvirudisha, ndiyo iliyoniuma zaidi, adabu ile. Anjelina akawa anakwenda nami shuleni kwangu, anakaa nyuma ya darasa, kwa sababu sikuweza kugonga mlango wa Mwanabaraka na kumwambia anishikie mtoto.

Karakana nikaifunga. Lile kopo nikalizika.

Mvua zikapita. Siku moja Jumapili mchana nasikia hodi. Mwanabaraka. Ana chupa mkononi.

"Tunu ana mimba," akasema, kama tuliongea jana.

"Hongera, Mama Tunu."

"Kisu changu cha jikoni kimekwisha, nataka kingine. Mafuta haya nimekamua mwenyewe. Ya nazi." Akaninyooshea ile chupa. "Washa mkaa. Nitasimama hapa nikutazame."

Nikawasha. Alisimama mlangoni mwa banda, kajitanda kanga, hakukaa nilipompa kigoda. Nilikipasha chuma, nikakijaribu kwenye sumaku, nikamimina mafuta yake kwenye chombo kipya mbele ya macho yake. Nilipochovya, banda lote likanukia kama jiko la Mwezi wa Ramadhani.

Nikamaliza. Akakipokea, akakigeuza, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Mlete Anjelina kesho," akasema.

Nililia, lakini baada ya yeye kuondoka.

Msidhani ndiyo imekwisha vizuri. Kisu kile Mwanabaraka alikatia samaki na mchicha miaka yote. Siku ya akika ya mjukuu wake, sherehe ya kumchinjia mtoto, mbuzi alifungwa uani, na nilimwona Mfaume anapita kwenye lango langu anakwenda Buguruni kuazima kisu cha kuchinjia. Alinisalimia vizuri sana. Na chakula nilikula, nilialikwa. Kisu tu ndicho hakikuwa changu.

Gregori yeye akaendelea kuitwa mtani mpaka alipozikwa. Mzee Mwinjuma aliruka kaburi lake akidai deni la panya, watu wakacheka msibani.

Nawaandikia nyie vijana mnaoanza kufua visu majumbani, naona mnaulizana humu mtandaoni mafuta gani yanafaa. Yako mengi. Lakini kabla hujawasha mkaa, uliza yametoka kwa mnyama gani, na uliza jirani yako akiwa anasikia. Kisu unachotengeneza si wewe utakayekula nacho peke yako.

Na ukiwa na neno zito la kumwambia mtu, hata kama ni la kweli, hata kama unalisema kwa moyo safi, lipeleke sikioni mwake kwanza. Uani kuna wakwe.